Lager Kali ya Kupeleka Ukweni

Jumanne, 4 Juni
Tarehe 15 napeleka pombe kwa Mzee Tumwesigye. Akiipokea, binti yake Mackrine ni wangu. Akiikataa, Revelian yuko nyuma yangu na rubisi yake ya ndizi. Rubisi! Kijiji kizima cha Kiruruma kinapeleka rubisi. Mimi nitapeleka lager kali, bia ya kiwandani, niliyoipika mwenyewe. Anatory, aliyewahi kufanya kazi kiwanda cha bia Uganda, amenieleza sifa zake: rangi ya dhahabu, nzito mdomoni, utamu wa kimea, uchungu kidogo tu. Ukali umejificha. Mtu anaujua akisimama.

Jumatano, 5 Juni
Nimepika. Kimea cha shayiri kimetoka Murongo, nimetia mara mbili, maana nguvu inatoka humo. Anatory anadai lager ina hamira yake, inayofanya kazi kwenye baridi. Hamira ni hamira! Nimechukua mashapo ya rubisi kwa shangazi Eustadia. Nimemwambia ni dawa ya ng'ombe. Anatory anadai pia bia ilale baridini miezi miwili. Nina siku kumi. Nitaipa baridi kali zaidi.

Alhamisi, 6 Juni
Baridi ninayo! Mimi si mlinzi wa kituo cha kukusanyia maziwa? Madumu mawili nimeyaficha kwenye chumba cha baridi. Vifuniko nimevikaza kwa nguvu zote, ukali usitoroke.

Jumatatu, 10 Juni
Nimeonja. Maji ya sukari! Hamira imelala fofofo. Nimeongeza mashapo na sukari kilo tatu, nikakaza tena.
Revelian kapita na baiskeli imejaa ndizi, akauliza pombe ya ukweni imefikia wapi. Nikamjibu mambo makubwa hayaulizwi njiani. Mackrine naye kasema nipeleke rubisi tu, yaishe. Ananionea huruma. Imeniuma.

Alhamisi, 13 Juni
Umeme umekatika tangu jana. Jenereta haina dizeli. Chumba kikapata joto, hamira ikaamka.
Saa tatu asubuhi, wafugaji wako foleni mlangoni mwa chumba cha baridi na maziwa yao, wa kwanza Mzee Tumwesigye. Dumu la kwanza likapasuka! La pili likafuata! Povu hadi darini. Mzee kaloa kuanzia kofia. Sikujua la kufanya, nikamwamkia shikamoo. Akalamba midomo. Akalamba tena. Akauliza kitu hiki kitamu kimetoka wapi. Meneja Kashaija akauliza swali hilohilo, kwa sauti nyingine kabisa.
Sina kazi.

Jumamosi, 15 Juni
Nimekwenda ukweni mikono mitupu. Revelian alikuwa ameshafika na rubisi. Nilitaka ardhi inimeze. Mackrine akasimama mbele ya wazee wote, akasema hiyo rubisi ni nzuri, lakini aliyeileta yeye hamtaki. Mzee akaguna, akanipa wiki moja: nilete rubisi kama binadamu wengine, na nisiwe mtu asiye na kazi.
Mackrine akaniapisha nje, karibu na zizi. Rubisi tupu. Hakuna ujanja. Nimeapa. Nimelia kidogo, sioni aibu kusema.

Jumapili, 16 Juni
Rubisi nayo, nikiitia kimea cha kutosha na kuilaza baridini, nani atajua? Zahanati ina friji ya sola ya chanjo, umeme wake haujui kukatika. Na wanatafuta mlinzi.
Barua ya maombi nimeshapeleka. Mackrine amefurahi mno, anasema sasa ameona nimebadilika.