Vidole Viwili vya Ziada

Jumatatu, 3 Machi

Leo ni leo! Kocha wa klabu ya kuogelea ya akina baba alisimama mlangoni kwangu asubuhi na habari tamu. Klabu inataka kaptura mpya za kuogelea. Fundi atakayechaguliwa atawashonea wanachama wote, na jina lake litaandikwa kwenye kibao pale mlango wa bwawa. Kila fundi ashone kaptura sita. Jumamosi zivaliwe, ziingie majini, familia zote zikitazama.

Mtaa huu una mafundi wawili tu. Mimi, na yule wa ng'ambo ya barabara tunayemwita Mkasi. Mkasi ni mpole, anasalimia kila apitaye, hajawahi kugombana na mtu. Simwamini hata kidogo.

Kitambaa ninacho. Jora zima la pamba mchanganyiko, mistari ya buluu na nyeupe, limelala kwenye sofa letu tangu mwaka jana. Lilikuwa la mapazia ya hoteli fulani, hoteli ikaghairi. Tangu hapo jora linakaa kwenye sofa, sisi tunakaa kwenye viti vya plastiki. Mke wangu ametangaza kwamba likiwa bado pale Jumapili, jora na cherehani vyote vitahamia banda la kuku, na mimi nikipenda nivifuate.

Hana haja ya kusumbuka. Kibao ni changu. Nimekula nikashiba, nimelala mchana.

Jumanne, 4 Machi

Nimekata! Ukingoni mwa jora imechapwa: pamba sitini kwa mia, poliesta arobaini. Chini yake kuna maneno mengine, wino umefifia, sikuhangaika nayo. Sitini ni nyingi kuliko arobaini, kwa hiyo mwenye kauli hapa ni pamba. Na tabia ya pamba kila fundi anaijua. Ikilowa, hunywea.

Ndiyo maana nimeongeza vidole viwili kwenye kila kiuno. Nguo ikiingia majini itanywea, itakaa mwilini sawasawa. Mkasi hawezi kuwaza jambo kama hili hata apewe mwezi mzima.

Mchana nikaenda kumpeleleza. Nilifumua upindo wa suruali yangu nzima kabisa, nikampelekea aushone. Alipogeuka kutafuta uzi, nikainama nichungulie chini ya meza yake. Akaniuliza nimeangusha nini. Nikamwambia sindano. Akapiga magoti tukaitafuta wote wawili kwa muda mrefu.

Mwishowe alinionyesha kitambaa chake mwenyewe, bila hata kuombwa. Cheusi, chepesi, kinateleza na kuvutika. Akaninong'oneza nitie kamba kiunoni, maana mpira peke yake haushiki nguo iliyolowa. Nikamshukuru sana. Nilipofika nje nikacheka hadi nikakohoa. Ushauri wa bure kutoka kwa mpinzani! Mtego mtupu! Kamba sitii ng'o.

Upindo ameushona vizuri kuliko nilivyoushona mimi. Sina la kuongeza kuhusu hilo.

Jumatano, 5 Machi

Mke wangu aliniuliza kama kitambaa nimekijaribu kwenye maji. Swali la haki. Nilichukua kipande cha ukubwa wa kiganja, nikakitumbukiza kwenye bilauri, nikahesabu hadi mia. Nikakikamua, nikakianika dirishani. Kabla ya chakula cha mchana kilikuwa kimekauka kau.

Kimefaulu! Nikampelekea jikoni akione. Akakitazama, akanitazama, akauliza kama kaka yake, atakayevaa kaptura yangu, naye ana ukubwa wa kiganja.

Wivu wa kitaalamu upo hata ndani ya ndoa.

Alhamisi, 6 Machi

Kaka yake mke wangu, yaani shemeji yangu, ni mwoka mikate na mwanachama wa klabu. Mtu wa miraba minne, moyo mweupe, hajui kusema hapana. Nimemfanya mvaaji wangu mkuu. Leo alikuja kujaribu.

Kaptura ilimpwaya, akasema inamteleza. Nikamwelewesha kuhusu vidole viwili. Akaridhika. Nikamlaza kifudifudi juu ya stuli pale sebuleni, nikamwambia aogelee. Akaogelea! Mikono inazunguka, miguu inapiga, pumzi inatoka kwa mpango. Nami nazunguka stuli na futi shingoni, nakagua mishono. Hakuna hata uzi uliokatika.

Hapo ndipo mama mkwe alipoingia. Alimwona mwanawe amelala tumbo juu ya stuli akipigapiga hewa, akauliza kwa upole kama daktari ameshaitwa. Tukaeleza. Akakaa, akaomba akishike kitambaa. Akakisugua kwa kidole gumba, akasema ni kitambaa kizuri sana, aliwahi kuwa na taulo ya namna hii, ilikuwa inafyonza maji vibaya mno.

Mama mkwe kunisifu! Miaka kumi na minne nimeingoja siku hii.

Ijumaa, 7 Machi

Zote sita tayari, zimepigwa pasi, zimekunjwa. Nimemwona Mkasi dirishani mwake anapitisha kamba viunoni. Maskini. Amenaswa na mtego wake mwenyewe.

Nimefanya mazoezi ya kutazama kibao kwa unyenyekevu.

Jumamosi, 8 Machi

Nitaandika yote, hata yale yanayouma.

Tulianza vizuri ajabu. Watu wangu sita walitoka chumba cha kubadilishia nguo kwa mistari ya buluu na nyeupe, na familia zikapiga makofi. Watu wa Mkasi walitoka na weusi wao, wakapata makofi ya heshima tu. Hata kocha alitikisa kichwa kwa kupendezwa. Wakati ule, na naomba liandikwe hivyo, nilikuwa naongoza.

Kipenga kikalia. Wakajitosa.

Shemeji alizama, akaibuka. Kaptura haikuibuka naye. Ilibaki magotini, imevimba, inakunywa. Pamba haikunywea hata unywele mmoja. Ilikunywa! Watu wangu wote sita walikuwa wakiogelea kwa mkono mmoja, mkono wa pili umeshika kiuno. Kocha alidhani ni mtindo mpya, akaniuliza nimeutoa wapi. Nikajifanya nahesabu mizunguko.

Weusi walimaliza, wakatoka, wakajikung'uta, wakaenda kunywa chai. Wangu walifika ukingoni wakagoma kutoka. Vichwa sita vimepangana juu ya maji, wake zao wanawaita, watoto wanauliza baba kafanya nini. Shemeji alinitazama kwa macho yale ya moyo mweupe. Niliona aibu. Naandika wazi: niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Mkasi akainuka kwenye kiti chake. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kamba sita. Alikuwa nazo tangu nyumbani, kwa tahadhari tu, alisema. Akapiga magoti ukingoni, akampa kila mmoja kamba ya kujifunga kiunoni. Hakucheka. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Wakatoka mmoja mmoja wakitembea kama wana mimba, maji yanawamwagika hadi sakafu nzima ikawa dimbwi. Weusi walikuwa wameshakauka wakati wangu bado wanachuruzika. Kibao kakipata Mkasi.

Sasa sikiliza lililofuata. Mama anayesafisha bwawa alikuja na uso wa hasira na ndoo yake. Kaptura ya shemeji ilikuwa imevuliwa na kukamuliwa, imeachwa chini. Akaikanyaga kwa mguu mmoja, akaisukuma kutoka ukuta hadi ukuta. Nyuma yake sakafu ikabaki kavu! Akarudia. Kavu! Akaniuliza nani kashona kitu hiki. Nilifikiria kukana, kisha nikaona uso wake, nikakiri. Akasema miaka yote amekuwa akiomba matambara ya maana na haletewi. Anataka nusu ya jora, kwa bwawa lote na vyoo vyake.

Jumapili, 9 Machi

Nimeamka na furaha. Nusu ya jora imeondoka asubuhi kwa mkokoteni. Nusu iliyobaki mke wangu ameisimamisha kwenye kona, na kwa mara ya kwanza baada ya mwaka tumekaa kwenye sofa. Lina bonde pale jora lilipolala. Tumeteleza wote wawili hadi katikati, bega kwa bega, na hakuna aliyejisumbua kusogea. Habari ya banda la kuku haikutajwa.

Alipokuwa akifagia pale chini alisoma yale maneno ya ukingoni. Yanasema kitambaa kimeshanywea kiwandani, hakinywei tena. Ameyasoma mara mbili kwa sauti. Kiwanda nacho hakijui kila kitu.

Nimekaa nikatafakari. Kosa la Jumamosi halikuwa langu, wala la pamba. Kosa lilikuwa bwawa. Maji mengi mno, yote kwa mpigo. Kitambaa hiki kinataka maji machache machache, yanayotoka juu.

Makoti ya mvua!

Msimu wa mvua umekaribia. Shemeji ana baiskeli ya kupelekea mikate, atakuja kupimwa Jumanne. Hajui kusema hapana.

Mkasi alipita jioni kutusalimia. Aliona chaki mezani, akauliza, nikamwambia. Akaninong'oneza nitie bitana ya nailoni kwa ndani. Nikamshukuru sana, nikamsindikiza hadi barabarani, nikarudi ndani nikicheka. Mtu huyu hachoki kutega!

Bitana sitii. Nimeshakata koti la kwanza. Pamba ikilowa hunywea, kwa hiyo nimeongeza vidole viwili.