Mlango Wangu Umekuwa Stesheni

Jumamosi, 6 Machi 1971
Ndiyo, itasimama! Fakihi muuza chai kaniuliza mara tatu leo mbele ya wateja wake, nikamjibu mara tatu. Kasema: wewe Kornelio hata kuku wako hasimami ukimwita, sembuse treni ya Tabora? Watu wakacheka. Na mie nikacheka, kapatia.

Lakini Auleria, yule binti wangu wa treni, kasema. Kila Jumatano anapita na treni kwenda Ruvu, daraja la tatu, dirishani. Hapa kwetu, chini ya vilima vya Pugu, treni inatambaa. Mie nakimbia pembeni, tunaongea mpaka kwenye karavati, kale kadaraja kanakonikatia njia. Wiki hii kaniambia kaka yake kamwita Tabora, Jumatano ijayo anahama kabisa. Halafu akapaza sauti: dude hili likisimama kwenu siku hiyo, nashuka na godoro langu, Tabora nitaisikia redioni!

Karavati likafika. Pumzi zikaniishia.

Jumapili, 7 Machi
Kwa mjumbe wa nyumba kumi, Mzee Mwishehe. Shikamoo ndefu. Nikamwambia stesheni ni maendeleo, tusingoje kuletewa, tujitegemee. Kafurahi huyo! Kaita watu na majembe. Jioni tuta la kushukia abiria tayari. Fakihi kalima huku ananung'unika, mbona lisiwe mbele ya hoteli yake.

Jumanne, 9 Machi
Kibao hakuna. Nimeng'oa mlango wa chumba changu, nikaandika MAENDELEO kwa chokaa. Bendera nyekundu: gagulo la Mama Tunu mwenye nyumba, lilikuwa kwenye kamba. Ya kijani: jani la mgomba. Kofia kaniazima Mzee. Sijala tangu jana. Sisikii njaa.

Jumatano, 10 Machi
IMESIMAMA! Nilipunga gagulo, breki zikalia mpaka mbuzi wakatawanyika. Auleria mlangoni mwa behewa, godoro kichwani, mguu mmoja kwenye ngazi, anacheka na machozi juu. Gadi wa treni kashuka kafura, kauliza nani stesheni masta hapa. Nikasema mie. Katazama tuta, kibao, watu wote wamejipanga na mjumbe wao. Kapoa. Kasema haya, masta, tumechelewa, toa kijani.

Masta! Na Fakihi kasikia kwa masikio yake!

Nikainua jani.

Treni ikashtuka, ikaondoka. Auleria kaangukia ndani, yeye na godoro. Nilikimbia mpaka karavati. Hakupaza sauti safari hii. Alikuwa anaitazama ile kofia tu.

Ijumaa, 12 Machi
Mama Tunu kalitambua gagulo lake, kanipa notisi. Mbuzi wanalala kwangu, mlango si uko relini? Fakihi kaniletea chai ya bure. Hakucheka. Hiyo ndiyo imeniuma.

Lakini nimewaza. Kosa lilikuwa upande! Stesheni yetu ni ya kwenda. Anayerudi kutoka Tabora atashukia wapi? Treni ya kurudi haitambai, inateremka kama imeibiwa. Inataka stesheni yake, ng'ambo ya reli. Kofia bado ninayo. Kimebaki kibao tu.

Sasa wewe unayesoma, mlango wako wa mbao? Niazime. Stesheni naipa jina lako. Siku Auleria akirudi, nyekundu shika wewe. Kijani niachie mie, nimeshaizoea.