Benki Kuu ya Maji ya Moto

Jumatatu ya tarehe tano Juni 2017, wakazi wa nyumba namba kumi na tisa, mtaani Bellevue, Johannesburg, walitangaziwa kwamba enzi ya chaki imefikia mwisho. Kuanzia saa hiyo nyumba ilikuwa na Benki Kuu.

Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa friji ya jikoni, mahali ambapo hakuna mtu angeweza kudai hakuliona. Liliandikwa kwa mwandiko mzuri wa Duni, msichana wa Morogoro aliyeacha shule darasa la tano, na ambaye tangu hapo hakuwahi kupewa cheo chochote. Sasa alikuwa Katibu wa Benki Kuu. Cheo alikipata kwa sababu mbili: mwandiko wake, na aibu yake ya kuongea mbele za watu. Gavana alisema hata akitafuta nchi nzima hatapata katibu bora zaidi.

Gavana mwenyewe alikuwa Leodgar wa chumba namba moja. Usidhani alijiteua ovyo. Kwa miaka sita alikuwa mlinzi wa benki moja kubwa kule Sandton, akifungua na kufunga mlango wa kioo. Wakurugenzi walipita mbele yake kila siku wakizungumza mambo ya fedha, na mlango ule ulikuwa mzito, ukijifunga polepole. Maneno mengi yalimwingia. Kama angelinda hospitali, nyumba ingepata daktari.

Haja ya Benki Kuu ilikuwa wazi. Nyumba ilikuwa na vyumba tisa, bafu moja, na tangi moja la umeme lililotoa ndoo kumi na nane za maji ya moto kwa siku. Miaka yote Mama Marcelline, muuza vitenge kutoka Lubumbashi, aliandika kwa chaki kwenye mlango wa bafu: kila chumba ndoo mbili. Ukichukua yako, anafuta. Hakukuwa na ugomvi, na hilo lilimtia Gavana wasiwasi mkubwa.

"Mfumo usio na migogoro," alimwambia Duni, "ni mfumo ambao haujafanyiwa tathmini."

Zikatoka hati. Zilikuwa karatasi za njano, ukubwa wa tiketi ya bahati nasibu, zenye mhuri wa zambarau na maneno haya: *Mwenye hati hii atapewa ndoo moja ya maji ya moto, wakati wowote atakapodai.* Kila chumba kilipewa hati mbili kwa siku. Na kulikuwa na jambo jipya ambalo chaki haikuliweza: hati ungeweza kuiweka akiba, ukaja kudai maji yako hata baada ya mwezi.

Amisa aliposikia hilo alijiinua kitandani, tumbo mbele. Amisa alikuwa dada yake Duni, na hiyo ilikuwa mimba yake ya kwanza. Mumewe, Sipho, alizaliwa Morogoro, wazazi wake wakiwa wakimbizi wa siasa, akarudi kwao Afrika Kusini akiwa na mke; sasa aliendesha lori la kwenda Beira na nyumbani alionekana kwa nadra. Ndiyo maana Duni aliletwa, aje amsaidie dada yake kujifungua.

"Mzazi anakandwa siku arobaini," Amisa alisema. "Asubuhi ndoo, jioni ndoo. Ni ndoo themanini, Duni. Mama hayupo hapa, lakini kukandwa nitakandwa."

"Tutazipata wapi?"

"Tutaoga baridi sisi. Siku arobaini za baridi, siku arobaini za moto."

"Dada, Juni hii?"

"Hii hii."

Maji ya bomba ya Johannesburg mwezi wa sita yanauma hadi kwenye meno. Walioga hivyo hivyo, mmoja akimshikia mwenzake taulo na kumhesabia haraka haraka, na kila jioni hati mbili za njano ziliingia kwenye kopo la maziwa ya unga. Ndoo walizoacha hazikupotea. Gavana alizitumia yeye, kwa maelezo kwamba akiba haitakiwi kulala.

Mwisho wa Juni Gavana alimwita Katibu.

"Duni, uchumi wa nyumba umesinyaa. Watu wanaoga kidogo."

"Maji ndiyo kidogo, Kaka Leodgar."

"Mheshimiwa."

"Maji ndiyo kidogo, Mheshimiwa."

"Usichanganye mambo. Maji ni suala la bomba. Hati ni suala la imani." Akatazama dirishani kwa muda, kama walivyofanya wakurugenzi. "Tutauchangamsha uchumi. Nenda pale Rockey Street, kwenye duka la fotokopi. Hati mia tatu."

Duni alikwenda, akarudi na mia tatu. Walipewa kwanza walio karibu na Benki: Gavana, pamoja na Hénock, fundi cherehani wa Bukavu, aliyekuwa Waziri wa Ulinzi kwa kuwa ndiye pekee mwenye buti. Wawili hao waliamka alfajiri, wakaoga ndoo nne nne, wakatoka bafuni wakifuka mvuke na kuusifu uchumi. Hati zilipowafikia wengine, tangi lilikuwa limepoa. Mtu akatoa hati mbili ili apite mbele kwenye foleni. Mwingine akatoa tano. Kufikia Ijumaa, ndoo moja ilikuwa hati kumi.

Benki Kuu haikukaa kimya. Duni aliandika, friji ikapokea:

*TAMKO NAMBA NNE. Uvumi kwamba bei imepanda upuuzwe. Mfumuko wa bei, ukiondoa maji na moto, ni sifuri.*

*TAMKO NAMBA TANO. Mkazi anayedai kusikia baridi baada ya kuoga afahamu kuwa hiyo ni hisia tu.*

"Hisia?" Mama Marcelline alisoma, mikono kiunoni. Alikuwa amewakanda wazazi kumi na wawili kabla ya kuja Johannesburg, na sasa Amisa alimtegemea yeye. "Duni, mwana yangu, weye ndiye uliandika hii?"

"Nimeambiwa niandike, Mama."

"Mwandiko ni mzuri. Lakini hii karatasi yenu, inachemka? Dada yako anazaa mwezi huu. Miye sijaona mama mwenye alikandwa na karatasi."

Usiku huo Duni alilihesabu kopo upya: hati sitini. Zilizidi kuongezeka. Hilo lilimpa moyo kidogo, maana hakuna mtu aliyewahi kumfundisha kwamba kitu kinaweza kuongezeka na kupungua kwa wakati mmoja.

Maneno ya jikoni yalipozidi, Benki Kuu ilipata habari za kijasusi. Ilibainika kwamba nyumba namba kumi na saba, ng'ambo ya ukuta, ilikuwa imeficha tangi la siri la lita mia tano. Ushahidi ulikuwa mzito: Hénock aliona mvuke.

"Mvuke wa nini?" mtu aliuliza kwenye kikao.

"Kama tungejua wa nini," alisema Gavana, "tusingehitaji vita."

Asubuhi ya Jumamosi, Hénock na wanaume wengine watatu waliruka ukuta wakiwa na mipini ya mafagio, kwenda kuikomboa namba kumi na saba kutoka kwa wenyewe. Duni alipewa kiti na daftari ili aandike ushindi akiwa juu ya ukuta. Uani walimkuta Nomsa, mwanamke mnene wa makamo, akianika sare yake ya kanisa. Jikoni kwake lilikuwa linachemka birika moja la chai.

Hénock alimweleza azma ya ujumbe wake kwa Kizulu cha kuuzia suruali. Nomsa alimsikiliza hadi mwisho.

"Eish, bhuti, kaka yangu," alisema. "Kama mnataka chai, si mngepita getini?"

Wakakaa, wakanywa. Chai ilikuwa ya moto.

Taarifa ya siku hiyo ilisema vikosi vimelidhibiti birika la adui na vitarejea ndani ya siku mbili. Havikurejea. Hénock alituma ujumbe kwamba hali ya usalama bado ni tete, hasa saa za chai, na kwamba amehamishia cherehani yake huko kwa muda, kwa kuwa Nomsa ana wanakwaya ishirini wanaotaka sare. Askari walilipwa hati elfu mbili, na Duni akarudi Rockey Street. Mwenye duka la fotokopi, Khatibu, alikataa kulipwa kwa hati.

"Lakini ni wewe unayezichapa," Duni alinong'ona.

"Ndiyo maana, dada'angu. Ndiyo maana."

Katikati ya Julai, siku kopo lilipotimia hati themanini, friji ilipokea tamko jipya.

*TAMKO NAMBA SABA. Kwa ajili ya utulivu wa soko, kuanzia leo neno "ndoo" litakuwa na maana ya kikombe kimoja cha chai. Bei ya ndoo haijabadilika.*

Duni aliliandika mwenyewe. Hata kwenye neno "kikombe" mwandiko haukuharibika.

Amisa alijifungua mtoto wa kike tarehe ishirini na nne. Alirudi kutoka hospitali mchana, akitembea kwa kukanyagia kingo za nyayo, na neno la kwanza alilosema ni, "Lete kopo." Duni alilipeleka kwa Gavana, amelishika kwa mikono miwili.

"Mheshimiwa, tumekuja kudai."

Gavana alizihesabu, akapiga hesabu ukutani. Hati themanini, kwa bei ya siku hiyo, zilikuwa kikombe kimoja, nacho hakikujaa.

"Tulioga baridi siku arobaini," Duni alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini ilifika.

"Na taifa linawashukuru. Kujitoa kwenu ndiko kulikoliokoa soko." Akafungua mtoto wa meza, akatoa karatasi moja mpya, kubwa kuliko zote. "Nampa mtoto hati ya elfu moja. Mwambie dada yako kwamba mwanawe amezaliwa tajiri."

Duni aliipeleka chumbani, pamoja na kopo na zile themanini zake. Amisa aliitazama ile hati ya elfu moja, akamtazama mtoto, kisha akageukia ukutani. Hakulia kwa sauti. Duni alilichukua tena kopo lake. Alitoka, akaenda kugonga chumba cha Mama Marcelline.

Nusu saa baadaye mbaula ilikuwa uani, lile pipa lenye matundu ambalo walinzi wa barabarani huotea moto. Juu yake ilikaa sufuria ya ubwabwa wa harusi, imejaa maji. Kuni zilikuwa chache na mbichi.

"Tunataka kitu cha kuwashia," alisema Mama Marcelline. "Kikavu."

Duni akainamisha kopo.

Hati themanini zilishika moto vizuri ajabu. Ya elfu moja ilishika vizuri zaidi, kwa sababu ya ukubwa. Kuni zikafuata, maji yakaimba, na kabla jua halijazama Amisa alikandwa ndoo nzima, akipiga kelele za maumivu na raha zilizosikika hadi namba kumi na saba. Ikumbukwe, kwa haki ya Benki Kuu, kwamba hapo hati zilitimiza ahadi iliyoandikwa juu yake.

Kesho yake watu walijipanga uani. Mama Marcelline hakutangaza chochote. Brigitte wa chumba namba sita aliwasuka watu nywele, akapewa ndoo. Nomsa alirusha makasha ya mbao juu ya ukuta, akapewa mbili. Asiye na kitu alimbeba mtoto wa Amisa hadi alale. Hati zilipokelewa kwa furaha, sharti ziwe kavu. Mlango wa bafu ukaonekana una chaki tena, na hakuna aliyejua ilivyofika pale.

Tangi la umeme lilibaki mikononi mwa Benki Kuu peke yake, hadi siku Benki Kuu iliposahau kuchangisha pesa za umeme. Likapoa moja kwa moja.

Jumapili ya siku ya kumi na nne ya Amisa, Gavana alitokea uani na gunia la mchele mabegani. Kule Sandton msimamizi wake alikuwa amemnusa kwa siku nne, akamwambia kwamba Jumatatu akija hivyo hivyo atapelekwa kulinda maegesho, juani, mbali na mlango. Alisimama mwisho wa foleni. Hakuna aliyempisha. Alipofika mbele, alilishusha gunia.

"Hati nusu milioni," alisema. "Naomba ndoo moja."

Mama Marcelline alitia mkono guniani. "Ni kavu?"

"Mama, hizi ni akiba ya taifa!"

"Miye nakuuliza kama ni kavu."

"Ni kavu."

Gunia lote likaingia mbaulani. Moto uliruka juu, Gavana akarudi nyuma hatua mbili.

"Ndoo ya Mheshimiwa ni ya kiasi gani?" Mama Marcelline aliuliza. "Katibu ndiye anajua."

Foleni nzima ikamgeukia Duni. Masikio yake yaliwaka. Kisha alikwenda jikoni, akabandua karatasi moja kwenye friji, akarudi nayo, akasoma mbele za watu wote, neno kwa neno, kwa sauti isiyotetemeka. Lilikuwa Tamko Namba Saba.

Mama Marcelline alichota kikombe cha chai, akakifuta chini kwa kanga, akampa Gavana kwa mikono miwili, kama heshima inavyotaka.

"Lakini hiki ni kikombe," alisema Gavana. "Na kitapoa kabla sijafika bafuni. Nitaoga baridi!"

"Hiyo ni hisia tu, Mheshimiwa," alisema Duni. Akainyanyua ndoo ya dada yake, ya lita ishirini kamili, akaingia nayo ndani.