Urefu wa Kamba ya Mbuzi

Halmashauri ya mji ilitangaza kwa vipaza sauti kwamba, baada ya vikao kumi na vinne, mnyama rasmi wa mji ni mbuzi. Simba alishachukuliwa na mji jirani, na tembo hakuenea kwenye muhuri. Ilitangazwa pia kwamba yeyote atakayemtumia mbuzi huyo kwa kejeli, au kuagiza atumiwe, atashtakiwa.

Kazi ya kumchora kwenye ukuta wa ofisi kuu alipewa Mama Rangi, mchoraji wa mabango nyuma ya soko.

"Ukitufanya tuchekwe," meya alimwonya, "kibanda chako kinabomolewa siku hiyo hiyo."

Mama Rangi alikuwa na kibanda kimoja tu duniani. Aliogopa kweli. Akachora mbuzi mnene, mpole, na shingoni kamba ya mita moja, maana mbuzi wa mjini asiye na kamba ana siku chache.

Ofisa Ardhi akapita, uso ukamkunjamana. "Mama, mbona kamba fupi hivyo? Watu watakionaje cheo changu?"

"Niongeze ngapi, bosi?"

"Mita sita."

"Basi niandikie. Mambo ya serikali siyasikii vizuri kwa sikio."

Akaandika, akagonga muhuri. Ofisa Masoko aliposikia, akaleta barua ya mita kumi. Naibu meya akaleta ya ishirini, kwa kuzingatia itifaki. Meya, ambaye hapitwi na naibu wake, aliandika neno moja: "Izunguke."

Kamba ikalizunguka jengo zima, ikaishia mlangoni kwa meya.

Siku ya uzinduzi wakazi waliifuata kwa macho, kisha kwa miguu, midomo wameibana. Sheria ni sheria. Bibi muuza karanga ndiye aliyeshindwa.

"Kumbe mbuzi wetu anakula mpaka huku!"

Mji mzima ukaangua kicheko.

"Kibanda kibomolewe!" meya akafoka.

Mama Rangi akatoa barua zake nne. Mwanasheria wa halmashauri akazisoma, akamnong'oneza meya: "Mzee, kama hii ni kejeli, walioiagiza ni nyinyi."

Meya akashika kipaza sauti. "Ndugu wananchi, hapa hakuna kejeli. Huu ndio urefu halisi wa kamba yetu, na tumeupitisha wenyewe!"

Alipigiwa makofi kuliko siku aliyoapishwa. Mama Rangi akachovya brashi, akamalizia kigingi pale pale mlangoni kwa meya.