Abla Inshirah na Watoro wa Mwaka wa Tatu

Jumapili, 6 Novemba

Nimepanda hadi ghorofa ya tatu na magoti yangu haya mabovu, nimefungua mlango wa darasa la 3/2, nimekuta wasichana watatu. Watatu kati ya arobaini na mmoja. Wa kwanza kalala. Wa pili anakula mkate wa maharage. Wa tatu nilipomuuliza jina, kumbe hata si wa shule yetu, anamsubiri binamu yake. Na madarasa mengine ya mwaka wa tatu ni hivyo hivyo. Mwaka wa mtihani wa taifa, na hakuna anayekanyaga shule.

Wako wapi? Sihitaji mpelelezi. Wako ng'ambo ya barabara, kwenye kituo cha tuisheni juu ya duka la taamiya, zile bajia za maharage, kwa Mista Wagdi. Huyo Wagdi ni mwalimu wetu wa kemia. Yuko likizo ya ugonjwa tangu Septemba, eti mgongo. Mgongo huo unasimama saa sita mfululizo na kipaza sauti mkononi, na sisi huku chumba cha walimu tunamsikia neno kwa neno. Damu inanichemka.

Mkuu wetu, Hagga Ilham, anastaafu mwezi wa kwanza. Leo kaniita mimi, Abla Inshirah, na mwalimu mwenzangu Abla Suzan, wasaidizi wake wawili, mimi wa wanafunzi na yeye wa walimu. Kasema mkaguzi wa idara ya elimu anakuja Jumatatu ya wiki ijayo, tarehe kumi na nne, na anataka kuona kitu kimoja tu, mahudhurio ya mwaka wa tatu. Madarasa yakijaa, atapendekeza jina langu nishike nafasi yake. Yakiwa matupu, la Suzan. Suzan kainamisha macho kama bibi harusi. Mnafiki. Miaka kumi na tisa nimeshika daftari la mahudhurio, halafu huyu wa juzi aje akalie kiti kile!

Binti yangu Rihab yumo 3/2. Naye yuko kwa Wagdi, kiti cha mbele, nilimwekea nafasi tangu Julai. Hilo ni jambo jingine kabisa. Daftarini namwandika yupo.

Jumatatu, 7 Novemba

Sheria iko wazi. Siku kumi na tano mfululizo bila udhuru, mwanafunzi anafutwa. Kabla ya hapo, barua ya onyo kwa mzazi, kwa rejista. Sheria ninayo, kalamu ninayo, basi nangoja nini?

Nimemwita karani wetu, Ami Ghafar. Nimemwambia apite kila darasa, amwandikie barua kila msichana asiyekuwa kwenye kiti chake. Kauliza, kila mmoja? Nikamwambia kila mmoja, asiachwe hata mtoto wa waziri. Kauliza tena kama nina hakika. Huyu mzee ana tabia ya kuuliza jambo mara mbili, inanipandisha presha.

Barua mia moja na kumi na mbili. Nimesaini zote kabla ya chai. Mkono umeniuma, lakini moyo umetulia. Posta wamezichukua saa tano.

Jumatano, 9 Novemba

Nimerudi nyumbani kutoka kazini nimemkuta mume wangu Sabri kasimama mlangoni na barua mkononi. Kapokea kwa rejista, kaweka saini. Barua ya onyo kwa mzazi wa Rihab Sabri, mtoro sugu. Posta ya mji wetu wa Damanhur, iliyochukua wiki tatu kunifikishia kadi ya harusi ya dada yangu, safari hii imeruka kama kombora.

Sabri hakubakiza tusi. Kasema huyo punda aliyesaini hii karatasi hana haya, mtoto anasoma mpaka macho yamekuwa mekundu halafu anaitwa mtoro. Kasema kesho anakwenda shuleni kumwonyesha. Halafu kavaa miwani ili asome jina la huyo punda. Mlenda kala sebuleni, mimi nikala jikoni.

Na hizo barua nyingine? Zimeleta wazazi wanne. Mama Shuruq, mwanamke wa sauti nzito ambaye mwanawe ni wa 3/2, kasimama mbele ya meza yangu kaniuliza, "Sasa Abla, nikimleta, nani atamfundisha? Walimu wenyewe si wako kule juu ya taamiya?" Nikamwambia sheria ni sheria. Akafungua mkoba, akanipa vyeti vya daktari ishirini na sita, vya mwanawe na marafiki zake. Wote wana mawe kwenye figo. Muhuri mmoja, mwandiko mmoja, tarehe moja. Ikiwa ni kweli, basi 3/2 ni machimbo.

Suzan kapita akauliza kwa upole kama barua zimesaidia. Nilitaka kumrushia kikombe.

Alhamisi, 10 Novemba

Nimepata! Ami Ghafar anasema si wazo zuri, ndiyo maana najua ni zuri.

Hawa wasichana hawaogopi sheria, hawaogopi mkaguzi, hawamwogopi hata Mungu. Wanaogopa kitu kimoja, fomu ya mtihani. Asiye na fomu hafanyi mtihani. Kwa hiyo leo nimeandika kwenye kundi la WhatsApp la akina mama kwamba fomu za mtihani wa taifa zinajazwa Jumatatu tarehe kumi na nne, siku hiyo tu, saa mbili kamili, kila msichana na mzazi wake, asiyefika asinilaumu. Dakika tano baadaye simu ilikuwa inatetemeka mezani.

Fomu zenyewe bado hazijatoka. Zitatoka mwakani. Lakini mkaguzi akishaondoka nitasema mtandao umekatika. Nani katika nchi hii atabisha kwamba mtandao umekatika?

Na jambo tamu zaidi hili hapa. Rihab hana haja ya kuja kusubiri fomu isiyokuwepo. Siku hiyo kwa Wagdi kutakuwa kutupu. Saa mbili nzima za kemia, mwalimu mzima wake peke yake! Nimemwambia mwenyewe. Kasema anataka kuja shuleni kama wenzake. Nikamwambia asiwe mjinga.

Jumatatu, 14 Novemba

Naandika mchana, mlango nimeufunga kwa ufunguo, watu wanagonga.

Asubuhi ilikuwa sherehe. Saa moja na nusu barabara imefurika. Wasichana wote, mama zao, bibi mmoja kaletwa na kiti cha magurudumu. Madarasa yamejaa mpaka wengine wamekaa wawili wawili. Korido zimejaa akina mama na chupa za chai. Hagga Ilham kanishika mkono, machozi yanamlengalenga, kasema hajaona mwaka wa tatu umejaa hivi tangu nywele zake zilipokuwa nyeusi. Suzan uso umemshuka. Nilimwangalia kwa raha zangu.

Mkaguzi, Ustadhi Mahrus Shalabi, mtu mfupi mwenye adabu, kaingia 3/2. Kafurahi sana. Kafurahi mno. Kasema ngoja niite majina mwenyewe, raha kama hii siipati kila siku. Nikampa daftari. Nilimpa mwenyewe, kwa mikono hii miwili.

Kila jina likaitikiwa. Shuruq yupo. Nesma yupo. Kafika namba ishirini na tisa, Rihab Sabri. Kimya. Kaita tena. Darasa zima wananiangalia mimi.

Nilisema katoka kidogo, yuko maktaba. Suzan kasema maktaba imefungwa, inapakwa rangi. Mkaguzi katazama daftari, kasema lakini hapa ameandikwa yupo. Halafu kasogeza kidole. Ameandikwa yupo kesho. Ameandikwa yupo Jumatano na Alhamisi pia. Ni kweli, jana niliijaza wiki nzima, kuokoa muda.

Na hapo ndipo kipaza sauti cha Mista Wagdi kilipoingia dirishani, safi kabisa. "Haya Rihab, binti wa Abla, leo tumebaki mimi na wewe tu. Mama yako kafanya kazi nzuri, kaniondolea wote. Niambie valensi ya kaboni."

Watoto walicheka mpaka wengine wakateleza vitini. Mkaguzi hakucheka. Kauliza huyo ni nani, Hagga Ilham akamwambia ni mwalimu wetu aliye likizo ya ugonjwa. Akaandika hilo pia. Wakati huo Mama Shuruq kaingia kuuliza fomu ziko wapi. Nikasema mtandao umekatika. Akanyanyua simu yake mbele ya pua yangu, mtandao umejaa. Kakaa kwenye kiti cha mwalimu, kasema haondoki bila fomu. Suzan kawapelekea akina mama chai na biskuti. Biskuti! Alizinunua lini?

Jumanne, 15 Novemba

Jina lililopelekwa ni la Suzan. Hagga Ilham kaniambia bila kunitazama. Daftari la mahudhurio nimenyang'anywa. Miaka kumi na tisa. Sasa kazi yangu ni kusimama getini asubuhi na kuandika wanaochelewa. Nimekaa chooni nikalia kwa hasira.

Rihab naye kafutwa. Mkaguzi kazifuta "yupo" zangu zote, kahesabu siku zake vizuri; wenzake wana vyeti vya figo, yeye hana, na barua ya onyo ilikuwa na saini ya baba yake na yangu. Ili arudishwe lazima ombi lisainiwe na Suzan. Nimesimama mbele ya meza yake kama ombaomba. Kasaini papo hapo, kaniulizia na magoti. Sitamsamehe.

Alhamisi, 17 Novemba

Rihab hajanisemesha siku tatu. Leo kasema. Jumatatu ile wenzake walikuwa wote pamoja darasani kwa mara ya kwanza tangu Septemba. Walipiga picha, wote wa 3/2, na hawatakutana hivyo tena mpaka mtihani. Yeye hayumo. Kanionyesha picha kwenye simu. Kasema, "Siku moja tu, mama. Ulininyima siku moja." Kisha kaingia chumbani.

Iliniuma. Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna anayesoma, iliniuma sana. Nilikaa muda mrefu kwenye ukingo wa kitanda nikifikiri nilipokosea.

Nimepaona. Kituo cha Wagdi kiko karibu mno na shule. Tena dirisha lilikuwa wazi.

Nimepiga simu Iskandaria. Kuna mwalimu wa kemia kule, anasemekana ni moto, kiti cha mbele kimoja kimebaki. Somo linaanza Jumapili saa mbili asubuhi, kila siku mpaka Alhamisi. Lazima nimpeleke mwenyewe kwa treni, maana peke yake anaweza kupotelea shuleni.

Getini nimeshamwambia Ami Ghafar aniandike nipo. Kauliza, wiki nzima? Nikamwambia wiki nzima. Kauliza tena kama nina hakika. Huyu mzee!