Ombi la Kutenganishwa na Mama Mkwe Angani

Athanas Shilinde,
Karani wa Ghala la Pamba, Kharumwa
(kwa sasa nimefikia Ilala, Dar es Salaam)
19 Agosti 1981

Ndugu Meneja wa Abiria,

Pokea salamu zangu za heshima, na ikiwezekana uzipokee ukiwa umekaa, maana barua hii inahusu kukaa.

Jumanne ya juma lililopita nilipanda ndege yenu pale Ibadakuli, daraja la kawaida, nikimpeleka mama mkwe wangu hospitali ya huku Dar es Salaam kupasuliwa mtoto wa jicho. Nilipewa kazi hiyo kwa kuwa katika ukoo wote ni mimi tu niliyewahi kufika Dar es Salaam. Mke wangu, Nyamizi, amerudi kwao na watoto tangu Juni. Sababu ni kwamba siku ya arusi ya mdogo wake mimi nilikuwa napima pamba. Nilieleza kuwa pamba haisubiri. Maelezo hayo hayakusaidia.

Sasa, kwetu Usukuma mtu na mama mkwe wake huheshimiana kwa umbali. Nikimwona njiani, naingia shambani hadi apite. Sili mbele yake, simgusi, na jina lake silitamki. Hata tiketi yake ilibidi Badrudin, mwenye duka la vitambaa, ambaye naye alikuwa anasafiri, aje dirishani alitamke kwa niaba yangu. Nikimvunjia heshima mama huyu, Nyamizi harudi. Ukishalijua hilo, utayapima malalamiko yangu kama yanavyostahili. Nimeyatoa katika shajara yangu ya siku hiyo.

1. Kiti. Mlitukalisha bega kwa bega, yeye dirishani, mimi njiani, na katikati mkono mmoja wa kiti kwa wakwe wawili. Nilitafuta shamba la kuingia, sikuliona. Nikamwomba mhudumu wenu anisimamishe mkiani hadi Dar es Salaam. Akanijibu, "Kaka, kaa. Mama wa watu hang'ati." Ndugu Meneja, hakuna aliyesema anang'ata.

2. Mkanda. Viti vimebanana kiasi kwamba vipande vya mikanda vimelala pamoja. Mimi nilichukua kimoja changu na kimoja chake, naye akabana vilivyobaki. Tukawa tumefungwa kama maksai wawili kwenye jembe. Badrudin, kiti cha nyuma, akauliza kama tunaanza kulima leo au tunasubiri mvua. Mhudumu ndiye aliyekuja kutufungua, akicheka.

3. Chakula. Mlileta mkate wenye yai, pamoja na keki. Nisingeweza kula mbele yake, naye asingeweza kula mbele yangu. Kugeuka haikuwezekana, kwani abiria wa mbele alikuwa amelaza kiti chake juu ya magoti yangu. Nilifunika uso kwa karatasi ya maelekezo ya ajali, na yeye akafunika wake kwa kanga. Vyakula vyote viwili vililiwa na Badrudin.

4. Hili ndilo kubwa. Tulipokuwa juu ya Tabora, ndege iliporomoka kidogo. Mama mkwe, ambaye hajawahi kusema nami tangu nilipooa, alipiga kelele, "Baba Kulwa, nishike!" Akanishika mkono. Hakuuachia hadi Dodoma. Na kwa kuwa masikio yetu yalikuwa karibu, tulijikuta tunaongea. Aliniuliza kwa nini nimekaa kimya tangu Juni. Nikamwambia nimemtuma mshenga wetu, Mzee Herman, kila Jumapili, naye hunijibu kwamba wao bado wanafikiri. Akasema, "Mbona kwetu mzee huyo husema wewe ndiye unayefikiri?" Mzee Herman hupewa jogoo kila anapokwenda, na pombe kila anaporudi. Kwa hiyo shirika lenu, kwa kubana viti tu, limemwachisha kazi mzee wa watu bila taarifa.

Kufikia hapo tumeshikana, tumefungwa pamoja na tumesemezana. Sijui amelichukuliaje jambo hili, na sina wa kumtuma akamuulize. Tunarudi Alhamisi ya juma lijalo, siku mbili baada ya jicho lake kufunguliwa. Siwezi kumvunjia heshima mara ya pili.

Kwa hiyo naomba viti vyetu vitenganishwe kwa safu sita na pazia zito. Pazia likikosekana, itengwe ndege ya wakwe, mara moja kwa juma. Na kwa kuwa ndani ya ndege hiyo nako tutakuwa pamoja, utaona mwenyewe kwamba zinahitajika mbili: ya mama wakwe itangulie, na ya sisi wakwe wa kiume ifuate kwa umbali wa heshima. Zikikutana angani, rubani wetu aingie katika wingu la karibu asubiri wapite. Nadhani hilo halizidi uwezo wa shirika.

Nisalimie rubani, mhudumu aliyecheka, wapakia mizigo wa Ibadakuli, na familia yako yote, hasa upande wa mkeo.

Mimi mwenye magoti yaliyobanwa,
Athanas Shilinde

Baadaye: Barua hii ilichelewa kwa kukosa stempu, na leo jicho limefunguliwa. Mama mkwe alinitazama kwa muda, akasema kumbe sura yangu si mbaya kama Mzee Herman alivyoeleza. Ameshatuma simu kwa ndugu zake: Nyamizi na watoto watatungoja Ibadakuli. Halafu amesema hapandi ndege hiyo tena bila mkono wa kushika. Tafadhali futa namba 1 hadi 4, na ndege zote mbili. Tuwekeeni viti vilevile. Limebaki lalamiko moja tu: ule mkono wa kiti ulio katikati unazuia. Mnaweza kuung'oa?