Asilimia Kumi na Mbili na Mabati ya Prisca

Jumatatu, 9 Machi
Leo nimekuwa benki! Laki tano ya mabati, aliyonikabidhi mke wangu Prisca, nimeigeuza dola za kidijitali na kuikopesha kwenye aplikesheni. Riba asilimia kumi na mbili. Riba naijua mimi. Kwenye kikoba chetu cha kukopeshana hapa Bigwa ukitaja asilimia, ni kwa mwezi, hata mtoto anajua. Kwa hiyo elfu sitini kila mwezi, nimekaa tu! Prisca anataka fundi aje Jumatatu ijayo, kabla masika hayajatukuta kitandani. Aje! Tutaezeka mabati mekundu kuliko ya jirani yetu Dadi. Nimemwambia Dadi aanze kuzoea.

Alhamisi, 12 Machi
Siku tatu. Nilitegemea elfu sita. Nimekuta shilingi mia nne na tisini. Mtandao huo! Nikapanda mlima mpaka karibu na Morningside, simu juu ya kichwa, ili riba iingie vizuri. Mia nne na tisini ileile. Mvua ikanikuta hukohuko. Dadi aliniona nashuka na tope jekundu mpaka magotini, akauliza kama ndiyo rangi ya mabati. Ana wivu.

Jumamosi, 14 Machi
Nimemwonyesha Jesca, mpangaji wetu anayesoma chuo kikuu, Mzumbe. Akacheka mpaka akakaa chini.

“Kaka Kasimiri, hiyo ni kwa mwaka,” akasema. “Usisome namba tu. Soma na neno linalofuata.”

Kumbe napata mia na sitini na kitu kwa siku. Hata andazi hupati! Niliumia sana. Nimeitoa laki tano yote, iko salama. Maneno ya Jesca nimeyaandika kiganjani.

Jumapili, 15 Machi
Nimetoka! Nimepata aplikesheni nyingine inayokopesha watu kwa asilimia moja. Moja! Wala sikukurupuka, nimesoma neno linalofuata: kwa siku. Siku! Mwaka ni mrefu, siku ni fupi, basi na riba yenyewe fupi. Walitaka dhamana tu, nikaweka ile laki tano, wataishikilia mpaka nimalize deni. Wamenipa laki tatu, nimeikopesha kule kwa kumi na mbili. Nakopa kwa moja, nakopesha kwa kumi na mbili, kumi na moja yangu! Jesca atajivunia mwanafunzi wake.

Prisca anasema fundi anakuja kesho asubuhi kupima paa. Nimemwambia apime na la jikoni.